Barabara Haijui Lori, Inajua Ekseli

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye basi la kwenda Mbeya. Kabla hatujafika kwenye mizani mojawapo njiani, konda alisimama katikati akasema, "Jamani abiria wa viti vya nyuma, naomba msogee huku mbele, tunaingia mizani." Watu wakainuka, wengine na watoto mgongoni, tukajibana kwenye njia ya katikati mpaka karibu na dereva. Basi likapanda mizani taratibu, likaruhusiwa, na mita mia mbili baadaye kila mtu akarudi kwenye kiti chake. Mama mmoja jirani yangu akaniuliza, "Sasa mwanangu, kuna aliyeshuka? Si wote tumo humu humu?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta baadaye, na tangu nilipate siitazami tena barabara ya lami kama zamani.

Jibu lenyewe ni kwamba tatizo la basi letu halikuwa uzito wake wote. Lilikuwa uzito ulioegemea ekseli ya nyuma, yaani ule mhimili unaobeba matairi ya kushoto na ya kulia. Mabasi mengi ya masafa injini yake iko nyuma, na abiria wa viti vya mwisho wanakaa juu yake. Ekseli ya nyuma inabeba mzigo mkubwa, ya mbele ina nafasi. Watu 10 wa kilo 65 wakitoka usawa wa ekseli ya nyuma wakaenda kusimama usawa wa ekseli ya mbele, kilo 650 zimehama ingawa hakuna hata gramu moja iliyoshuka. Kwa mizani, hilo ni basi jingine kabisa. Kwa barabara pia, kwa zile mita mia mbili tulizokuwa tumesimama mbele. Tuliporudi kwenye viti, kilo 650 zilirudi pamoja nasi.

Sheria imeandikwa kwa mantiki hiyo hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka ukomo wa gari zima kuwa tani 56 kwa gari la ekseli 7. Lakini inaweka pia ukomo wa kila ekseli. Ya usukani, yenye matairi mawili, tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, tani 18. Tatu zilizofuatana, kama zile za tela la semi, tani 24. Ukijumlisha 8 na 18 na 24 unapata tani 50, ambazo ndizo semi ya ekseli 6 inaruhusiwa kubeba, yenyewe na mzigo wake.

Ndiyo maana dereva anaweza kufika mizani na tani 46, akiwa na uhakika kwamba yuko salama, akaambiwa amezidisha. Mzigo umelundikwa nyuma ya tela. Wanaobeba shaba kupitia Tunduma wanalijua hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa shaba ni ndogo kwa umbo na nzito kwa mizani. Inajaa uzito kabla haijajaa tela, kwa hiyo mahali ilipowekwa pana maana kubwa kuliko wingi wake.

Kwa nini barabara ijali ekseli badala ya gari? Hapa lazima tushuke chini ya lami. Wengi tunadhani lami ndiyo inayobeba magari. Kwenye barabara zetu nyingi lami ni tabaka la sentimita chache tu, na mahali pengine ni kokoto ndogo zilizomwagiwa lami moja kwa moja. Kazi yake inafanana na ya bati la nyumba, yaani kuzuia maji yasiingie ndani, ingawa nayo inapokea mkandamizo wa kwanza wa tairi. Anayebeba hasa ni tabaka la kokoto zilizoshindiliwa chini yake, kisha changarawe, kisha udongo wa mahali penyewe. Tairi likikanyaga juu, nguvu inatawanyika kadiri inavyoshuka, mpaka inapoufikia udongo iwe imepungua kiasi cha udongo kuistahimili.

Kila ekseli ikipita barabara inabonyea kidogo sana, chini ya milimita moja, kisha inarudi. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya thelathini unakatika mkononi, ingawa hukuongeza nguvu. Lami nayo inachoka hivyo. Zinaanza nyufa nyembamba kwenye mapito ya matairi, zinaungana zikafanana na magamba ya mamba, maji yanapenya, kokoto zinalegea, na mvua moja kubwa inamaliza kazi. Tunaoliona shimo asubuhi tunailaumu mvua ya usiku.

Ni kiasi gani ekseli nzito inachosha barabara kuliko nyepesi? Swali hili liliulizwa kwa gharama kubwa huko Ottawa, mji mdogo wa jimbo la Illinois nchini Marekani. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi walijenga vipande vya barabara vya majaribio, vyenye matabaka ya unene tofauti, wakaweka askari wa jeshi waendeshe malori juu yake mchana na usiku kwa karibu miaka miwili. Kila kipande kilipewa ekseli za uzito wake peke yake. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni 1.1, huku watu wakipima nyufa na mabonde. Matokeo yake yanatawala usanifu wa barabara hadi leo: uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito, unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito.

Tulie hapa kidogo, kwa kuwa kila kitu kinachofuata kinatoka kwenye sentensi hiyo. Ekseli ya tani 10 na ekseli ya tani 5 hazipishani kwa mara mbili. Zinapishana kwa 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Ekseli ya gari dogo la nyumbani inabeba kama kilo 750. Iweke kando ya ekseli ya lori ya tani 10, piga hesabu hiyo hiyo, na utaona kwamba lori linapopitisha ekseli moja tu, magari madogo yangehitaji kupitisha zaidi ya ekseli 31,000 ili kuichosha barabara kiasi hicho. Mtu anayesema foleni ya magari madogo ya jioni ndiyo inayoharibu barabara ya mtaani kwao anailaumu foleni bure. Aangalie lori la mchanga linalopita alfajiri.

Na kuzidisha uzito? Asilimia 10 juu ya ukomo inaongeza uharibifu kwa asilimia 46. Asilimia 20 inauzidisha zaidi ya mara mbili. Hata asilimia 5, ambayo ukiisikia unaona ni jambo la kusameheana, inaongeza uharibifu kwa zaidi ya asilimia 21. Kwa hiyo mtu aliyezidisha tani 2 kwenye ekseli ya tani 10 hakuiba tani 2. Amepita na lori lake, na lori jingine lisiloonekana limepita nyuma yake.

Kipeo cha nne chenyewe si amri ya Mungu. Kilitoka kwenye udongo na baridi ya Illinois, na wahandisi wa nchi za joto mara nyingi hutumia 4.5. Tofauti hiyo inazidi kumbana mzidishaji, haimpunguzii.

Joto na mwendo navyo vina sehemu yao. Tairi linalopita kasi linaikuta lami ngumu, lakini lililosimama juu yake saa saba mchana linaikuta imelainika na inatiririka polepole kama asali. Ndiyo maana mabonde ya matairi hutokea sana malori yanapojikokota, kama kwenye mlima Kitonga mkoani Iringa, au yanapopanga foleni. Ndiyo maana pia njia za mwendokasi za awamu ya kwanza Dar es Salaam zilijengwa kwa zege. Basi refu linalosimama mahali pale pale kila baada ya dakika chache lingeichimba lami.

Sasa tazama tatizo la mizani ya kawaida. Ili kupima, gari lazima lisimame. Barabara ya kwenda Zambia ina mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, kwa kutaja chache. Kila lori linapunguza mwendo, linapanga foleni, linapanda, linasomwa, linaondoka. Walio ndani ya sheria, ambao ni wengi, wanasubiri kwa ajili ya wachache. Mafuta yanaungua, mzigo unachelewa, na foleni yenyewe inaikandamiza lami pale pale. Halafu dereva anayesubiri saa nzima huku hana kosa anaanza kutafuta namna ya kuwahi, na hapo rushwa inapata mlango.

Hili ndilo ambalo mizani ya mwendo inajaribu kulitatua, yaani mizani inayopima gari likiwa linatembea. Vihisio vyembamba vinachimbiwa ndani ya lami, vikikatisha barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aina moja inayosifika inatumia vipande vya fuwele za kwazi, madini ambayo kwa Kiingereza huitwa quartz. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kwazi ikikandamizwa inatoa chaji ya umeme. Kadiri unavyokandamiza zaidi, ndivyo chaji inavyoongezeka. Tairi likikanyaga, kihisio kinatoa mpigo wa umeme, na kompyuta iliyo kwenye kasha kando ya barabara inaugeuza kuwa kilo. Pembeni kuna mizunguko ya waya iliyofukiwa ambayo inatambua chuma cha gari, ili kompyuta ijue gari limeanzia wapi na limeishia wapi. Muda unaopita kati ya kihisio cha kwanza na cha pili unatoa mwendo, na mwendo ukijulikana, nafasi kati ya ekseli na ekseli inajulikana, kwa hiyo mashine inajua kama hii ni semi, basi au kipisi, yaani lori lisilo na tela. Kamera inasoma namba ya gari. Yote hayo kabla dereva hajamaliza kupangua gia.

Kituo cha Vigwaza mkoani Pwani kina mizani ya namna hii. Kenya wanayo Mariakani, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Utaratibu wake ni wa kuchuja. Gari linapita juu ya vihisio, mwenye uzito halali anaonyeshwa aendelee, na anayetiliwa shaka anaelekezwa pembeni kwenye mizani ya kusimama.

Watu huuliza: kama mashine imeshaona kosa, kwa nini isitoze faini pale pale? Simama kwenye mizani ya kliniki kisha rukaruka. Mshale utapanda na kushuka, ingawa wewe hujanenepa wala kukonda. Lori linalotembea linaruka vivyo hivyo. Mwili wake unayumba juu ya springi mara mbili au tatu kwa sekunde, na ekseli zenyewe zinadundadunda haraka zaidi. Kihisio kinalikuta tairi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hakijui kama kimelikuta likishuka au likipanda. Ekseli ya tani 10 inaweza kusomeka 9 au 11. Dawa yake ni kuweka safu kadhaa za vihisio na kuchukua wastani, na kuisahihisha mashine mara kwa mara kwa kupitisha lori ambalo uzito wake unajulikana. Hungary na Jamhuri ya Cheki wamefika mahali ambapo usomaji wa mwendo unatosha kumtoza mtu. Lakini nyuma ya hilo kuna uhakiki wa vipimo wa kudumu, kazi ambayo kwetu ingeangukia Wakala wa Vipimo. Bila uhakiki huo, wakili wa kwanza atakayeuliza "mashine hii ilikaguliwa lini?" ameshinda kesi.

Kuna jambo moja linalonisikitisha katika teknolojia hii. Inahitaji barabara nzuri. Mahali penye mawimbi na viraka lori linaruka zaidi na usomaji unaharibika. Barabara iliyokwisha kuumizwa na uzito ndiyo ambayo ni vigumu kuipimia uzito. Na kuruka huko kunaumiza pia, kwa kuwa ekseli ya tani 10 ikitua baada ya kudunda inaipiga lami kama ya tani 12. Shimo la kwanza linazaa la pili. Kwa sababu hiyo naona kuweka vihisio mapema, barabara ikiwa bado mpya, si anasa. Ukisubiri ichakae umechelewa mara mbili.

Mbinu za madereva nazo zimebadilika. Zamani mtu alikuwa na njia ya panya ya kuzunguka mizani usiku. Mwingine alicheza na breki akiwa juu ya sahani ya mizani ili mzigo uegemee mbele au nyuma. Mizani ya mwendo inaziba sehemu ya mianya hiyo, kwani inaweza kuwekwa mahali pasipo na kituo wala askari, kwenye hiyo hiyo njia ya mchepuko, ikasoma na kuandika bila mtu kujua. Lakini pale inapojulikana ilipo, haizuii ujanja wa basi letu. Kamera inasoma namba ya gari. Haioni abiria waliosimama karibu na dereva.

Mizani ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, haichimbui lami kabisa. Mwaka 1979 mhandisi Fred Moses nchini Marekani alionyesha kwamba daraja lenyewe linaweza kufanywa mizani. Lori likipita, mihimili ya daraja inapinda kidogo na kuvutika. Ukibandika chini yake vihisio vinavyosoma mvutiko huo, na ukajua ekseli zilipita lini na kwa mwendo gani, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu ukapata uzito wa kila ekseli. Mapito ya gari juu ya daraja ni marefu kuliko kukanyaga kihisio kimoja, kwa hiyo mashine inalisoma gari kwa muda mrefu zaidi, na kurukaruka kwake kunasawazishwa. Katika miaka ya 1980 watu wa Australia Magharibi wakaenda mbele zaidi, wakabandika vihisio chini ya paa la kalavati za zege.

Hebu fikiria kalavati ngapi ziko kati ya Chalinze na Tunduma. Fundi anaingia chini ya barabara, anafunga vifaa, hasimamishi gari hata moja, na baada ya mwezi anavifungua akavipeleka kwingine. Dereva anayepita juu haoni sahani wala askari. Kwa nchi yenye barabara ndefu na fedha chache, hii inanishawishi kuliko kituo kimoja kikubwa chenye vioo.

Lakini hata vihisio bora vinamkuta dereva akiwa ameshaondoka na mzigo. Kosa lilifanyika kwenye machimbo ya kokoto, ghalani au bandarini, na mara nyingi dereva na utingo wake hawakuwa na namna ya kujua. Wanakisia kwa kutazama matairi yalivyobonyea. Teknolojia ya kuwasaidia ipo. Kwenye magari yenye springi za upepo, shinikizo ndani ya springi linapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, na kifaa kidogo kinaweza kulionyesha kwenye dashibodi kwa kilo, ekseli kwa ekseli. Vijiko vya kisasa vya kupakilia navyo hupima kila kinachochotwa. Machimbo yakiwa na kijiko cha aina hiyo, lori halitoki getini likiwa na tani zisizojulikana. Kumkamata dereva kilomita 300 baadaye na kumwambia apunguze mzigo porini ni adhabu kwa mtu ambaye huenda ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote.

Kuna faida moja ya mizani ya mwendo ambayo haizungumzwi sana, nayo haihusiani na faini. Barabara husanifiwa kwa idadi ya ekseli itakazobeba kabla ya kuchoka, zote zikiwa zimegeuzwa kuwa ekseli sanifu za tani 8.16. Wahandisi wa Tanzania huzipanga barabara kwa viwango vya mzigo kama TLC 10, TLC 20 na TLC 50, yaani hadi ekseli sanifu milioni 10, 20 na 50. Ni kama uniti za luku: zimenunuliwa siku ya ujenzi, na kila ekseli inayopita inakula zake. Semi ya tani 50 iliyopakiwa kihalali inakula kama uniti 6.7. Malori 1,000 ya namna hiyo kwa siku, upande mmoja, yanakula karibu milioni 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo TLC 20 inakwisha baada ya miaka 8 hivi. Kila moja likizidisha asilimia 20, zinakwisha kabla ya miaka 4 kutimia.

Tofauti ni kwamba luku ina kioo kinachoonyesha salio. Barabara haina, na bajeti ya matengenezo hupangwa kwa kuhesabu magari siku chache za mwaka na kukisia uzito wake. Kalavati moja yenye vihisio, ikisoma usiku na mchana, ingetoa salio hilo kila mwezi, na mhandisi wa mkoa angejua kwamba kipande chake kimebakiza ekseli milioni 3 wakati lami bado ni nyeusi na haina ufa hata mmoja.